"Ni Hapo Tu": Dhana Potofu kuhusu Usalama Barabarani

Katika wodi ya mifupa ninakofanya kazi hapa Mombasa, majeruhi wa bodaboda, waendeshaji na abiria wao, hunipa sababu ileile ya kutovaa helmeti: "Nilikuwa naenda hapo tu." Hapo huwa ni kutoka Kongowea hadi Bombolulu, au kutoka kivukoni Likoni hadi Mtongwe, na helmeti siku hiyo ilikuwa imetundikwa kwenye kioo cha pembeni.

Urefu wa safari haumkingi mtu. Kinachopasua fuvu ni mwendo wakati wa kugonga, na pikipiki huweza kufikia kilomita 50 kwa saa ndani ya sekunde chache tu baada ya kuondoka stejini. Kuvamia lori lililosimama kwa mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10. Sponji ngumu iliyo ndani ya helmeti hubonyea na kumeza sehemu ya kishindo ambacho kingeufikia ubongo, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa helmeti ikivaliwa ipasavyo hupunguza hatari ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74. Nalisisitiza neno "ipasavyo", kwa kuwa helmeti isiyofungwa kamba ya kidevu huchomoka kabla kichwa hakijafika chini, na iliyokwisha kupata kishindo kikubwa haifai tena hata kama kwa nje haina ufa. Abiria wanaochukizwa na jasho la waliotangulia wana haki, nami huwashauri wabebe kitambaa chepesi cha pamba cha kuvaa chini yake. Kukataa helmeti kwa sababu hiyo sikubali kamwe.

Wengine hudhani mkanda wa gari ni wa dereva na aliyeketi mbele, ilhali abiria wa nyuma asiyefunga hurushwa kwa nguvu na kumuumiza hata aliye mbele yake. Na wale wanaosema "ajali haina kinga" nawaomba wasiseme hivyo mbele yangu, kwa sababu nyingi ninazoziona zilikuwa na kinga.

Watembeao kwa miguu nao huamini kwamba wakiziona taa za gari, dereva amewaona. Usiku, aliyevaa buibui jeusi au kanzu ya rangi nzito huonekana akiwa karibu mno, na gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Shikeni tochi, au jitandeni leso nyeupe.