Majivu Yanayoficha Shimo: Hatari ya Kuanguka kwa Wazimamoto wa Milimani

Kila ninapowafundisha wazimamoto wa misituni, maswali yao ya mwanzo huhusu miali na moshi, nami huyarudisha kwenye nyayo, kwa sababu mlimani mtu anaweza kuumia vibaya mahali ambapo moto umekwisha kupita.

Chukua Kilimanjaro. Moto wa Oktoba 2020 ulianzia Whona, kati ya vituo vya Mandara (mita 2,720) na Horombo (mita 3,720), katika ukanda wa vichaka vya erika na mashungi ya nyasi. Udongo wenye mboji nyingi ukikauka, moto huingia chini na kula mizizi taratibu, pengine kwa siku kadhaa. Mzizi ukishateketea hubaki uwazi uliofunikwa na tabaka jembamba la majivu lisiloweza kubeba uzito wa mtu. Kwa macho utaona ardhi iliyo sawa. Ukikanyaga, mguu unazama hadi gotini huku mwili ukiendelea kwenda mbele, na makaa yaliyomo yanakuunguza kabla hujajinasua. Ndiyo maana nasisitiza kupapasa njia kwa mpini wa jembe, hata kiongozi wa kikosi akinung'unika kwamba tunachelewa.

Mizizi hiyohiyo ndiyo iliyoshikilia mawe. Ikiungua, jiwe linaweza kuporomoka bila kuguswa, kwa hiyo wazimamoto wasipangane mmoja juu ya mwenzake, bali wakate mteremko kimshazari, na atakayeona jiwe likibingirika apaze sauti papo hapo.

Bomba la mgongoni lenye lita 20 za maji lina uzito unaozidi kilo 20, na maji yakichezacheza humo huyumbisha mabega, hasa wakati wa kushuka. Mwenye panga au jembe alishike kwa mkono wa upande wa bondeni, ili akiteleza alitupe chini asije akaliangukia. Wanaokuja na mabuti ya mvua, yasiyobana kifundo cha mguu, mimi huwabakiza kambini, ingawa hunikasirikia.

Jambo la mwisho ni njia ya kuokokea. Moto hukimbia zaidi ukipanda, kwa kuwa miali huinamia nyasi zilizo juu yake na kuzikausha kabla ya kuzifikia, ilhali binadamu kwenye hewa haba ya mita 3,500 hupanda kwa kuhema. Kwa hiyo njia hiyo ielekee pembeni au kwenye eneo lililokwisha kuungua na kukaguliwa, na kila mmoja aipitie kwa miguu yake mchana, kabla ukungu wa jioni haujashuka.