Kulainisha metali kwa moto: muda unahesabiwaje kwa unene?

Metali iliyogongwa sana au kukunjwa, au chuma chenye kaboni kilichopashwa moto kikazamishwa majini, huwa ngumu na huvunjika upesi. Kuilainisha ni kuipasha hadi joto linaloifaa, kuiacha katika joto hilo, kisha kuipoza. Iachwe kwa muda gani?

Kwa chuma chenye kaboni, kama cha shafti na springi za magari, kanuni ya karakana ni saa 1 kwa kila milimita 25 za unene. Shafti yenye kipenyo cha milimita 50 itakaa saa 2. Jani la springi la milimita 8, kama dakika 20. Bomba huhesabiwa kwa unene wa ukuta wake, si kipenyo. Kifaa chenye sehemu nyembamba na nene hufuata ile nene. Na vipande vilivyobanwa pamoja tanurini vihesabiwe kama kipande kimoja kinene, kwa sababu moto haupiti kati yake.

Wengi hukosea mahali pa kuanzia saa. Geji ya tanuri ikisoma nyuzi 830 za selsiasi, hilo ni joto la tanuri tu. Ndani ya chuma bado kuna ubaridi, kama muhogo ulioungua ganda huku kiini kibichi. Saa ianze pale chuma chote kinapofikia rangi moja na ya tanuri lenyewe. Asiye na geji atumie sumaku: chuma huacha kuvutwa kinapofika karibu nyuzi 770, basi apandishe moto kidogo juu ya hapo.

Kuzidisha muda kuna hasara pia. Chembe za metali hukua, na juu ya uso hujengeka magamba ya kutu ya moto.

Kupoza nako hufuata unene. Chuma kinene hubaki ndani ya tanuri lililozimwa hadi kipoe nalo. Kipande chembamba hupoteza joto haraka mno hewani, kwa hiyo kifukiwe kwenye majivu makavu au chokaa.

Bati la shaba nyekundu halihitaji saa hata kidogo. Likiwa la milimita 1, likiiva wekundu hafifu limeshalainika, na hata ukilitia majini papo hapo halirudii ugumu. Ukiendelea kulichoma, chembe zitakua, na ukilikunja uso wake utakuwa na vipele kama ganda la chungwa.