Saratani ya ngozi inayojirudia: mnara, maji au jua?

Nina ualbino, naishi Mbagala, na saratani ya ngozi nimeshakatwa sikioni, shingoni na shavuni. Kidonda kipya kikijitokeza, ndugu na majirani huja na maelezo yao. Wana nia njema, lakini baadhi ya maelezo hayo yanachelewesha watu mpaka wanakufa. Nayajibu.

"Ni ule mnara wa simu."
Kushuku mazingira ni haki ya mgonjwa, na mimi nashuku. Ila mawimbi ya simu hayana nguvu ya kuvunja vinasaba vya seli. Mionzi ya urujuanimno ya jua inayo, na huacha ndani ya vinasaba alama ambayo wanasayansi wanaitambua. Dar iko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta, na saa sita mchana kipimo cha mionzi hiyo mara nyingi hufika 11 na kupita, kiwango cha juu kabisa kwenye jedwali la Shirika la Afya Duniani. Tena madhara yake hulimbikizana. Kidonda cha leo huenda kilianzia paredi ya shule ya msingi, tuliposimamishwa juani vichwa wazi. Ndiyo maana mtu anahama mtaa kuukimbia mnara, na bado kinamtokea kingine.

"Basi ni maji ya kisima."
Hapa pana ukweli ndani yake. Arseniki, aina ya sumu, ikiwa kwenye maji ya kunywa husababisha saratani ya ngozi, na huku kwetu imewahi kukutwa kwenye maji ya maeneo ya dhahabu ukanda wa Ziwa Victoria. Kiwango kinachokubalika ni mikrogramu 10 kwa lita. Lakini arseniki haijifichi kabisa: ukiinywa miaka mingi, viganja na nyayo huota vinundu vigumu vidogo vidogo, na mwili hupata madoa ya weusi na weupe. Kama ulikulia au ulifanya kazi machimboni na una dalili hizo, mwambie daktari. Visima vya Dar vinajulikana zaidi kwa chumvi na uchafu wa vyoo, ambavyo ni balaa la aina nyingine.

Kazi nayo iulizwe. Tangu mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London alionyesha kuwa masizi yaliwaletea wasafisha dohani saratani ya ngozi ya korodani. Mafundi wetu wa gereji wanaoshinda na oili chafu mikononi na kwenye ovaroli wanapaswa kulijua hili.

"Saratani ikiguswa na kisu inasambaa."
Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Kwa ajili yake watu hubaki na kidonda nyumbani, wanapaka majivu na mizizi, na wanapofika Taasisi ya Saratani Ocean Road kimeshakula mfupa. Kukata mapema ndiyo tiba yenyewe. Kinachoitwa "kurudi" mara nyingi ni saratani nyingine mpya kwenye ngozi iliyounguzwa na jua lile lile. Kurudi kwa kweli ni pale seli zinapobaki ukingoni mwa sehemu iliyokatwa. Tofauti hiyo inaonekana kwenye majibu ya maabara ya kipande kilichokatwa: tafuta sentensi inayosema kama kingo ni safi, yaani hazina seli za saratani.

"Mweusi hapati."
Anapata, ila mahali pasipotazamwa: nyayoni, chini ya kucha, kwenye kovu la moto au kidonda ndugu cha miaka. Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa melanoma, aina ya saratani ya ngozi, iliyoanzia chini ya ukucha wa dole gumba la mguu. Hiyo ya nyayo haisababishwi na jua. Kwa hiyo hata sisi tunaolilaumu jua tusilibebeshe kila kesi.

"Leo kuna wingu", "nimepaka mafuta ya nazi."
Mionzi hupenya wingu, na mafuta ya nazi hayazuii kitu cha maana. Losheni ya Kilisun, inayotengenezwa Moshi kwa ajili yetu, ipakwe asubuhi na irudiwe, na hata hivyo haichukui nafasi ya kofia pana na mikono mirefu. Kioo cha basi nacho hupitisha sehemu ya mionzi. Asubuhi natoka Mbagala kwenda mjini kwa Barabara ya Kilwa, jua liko kulia. Jioni nikirudi liko kulia tena. Basi mimi hukaa kushoto, upande wa mlango, na kondakta akinisogeza namweleza kwa nini.

Kidonda kisichopona ndani ya mwezi, kinachotoa damu kikiguswa tu, au kigaga kinachodondoka na kurudi pale pale, kionyeshwe kliniki. Omba nakala ya majibu ya maabara uitunze pamoja na kadi yako, maana daktari atakayekuona safari ijayo huenda asiwe yule yule, na bila karatasi ile hatajua kama anakutana na saratani ya zamani au mpya.