Kipandikizi cha uume: cha kukunja au cha pampu?

Swali: Daktari, nina miaka 58, nalima zabibu Chamwino. Kisukari ninacho muda mrefu na vidonge vya nguvu za kiume vimegoma. Nasikia Hospitali ya Benjamin Mkapa wanaweka vipandikizi. Nichague kipi?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Ni kweli, hapa Dodoma huduma hiyo ilianza 2023. Aina kuu ni mbili.

Cha kukunja ni vijiti viwili ndani ya uume. Uume hubaki mgumu wakati wote. Unauinua kwa mkono, ukimaliza unaulaza. Bei yake ni nafuu na hakina mengi ya kuharibika, ila kukificha ndani ya suruali nyepesi ni kazi.

Cha pampu kina mirija miwili ndani ya uume, pampu ndogo ndani ya pumbu, na mara nyingi kifuko cha maji ya chumvi tumboni, karibu na kibofu. Ukiminya pampu mara kadhaa, maji huingia kwenye mirija na uume husimama. Ukibonyeza sehemu ya kuachia, yanarudi na uume unalegea kama kawaida.

Swali: Basi cha pampu ndicho bora?

Jibu: Kwa wengi, ndiyo. Kwako naanza na vidole. Kisukari cha miaka mingi hutia ganzi mikononi, na pampu hiyo huitafuta kwa kupapasa, huioni. Jaribu kufunga vifungo vya shati umefumba macho. Ikikushinda, cha kukunja kitakufaa zaidi, au mama awe tayari kukuminyia. Ndiyo maana naomba mje wote wawili, na aulize yake bila haya.

Swali: Kisiponifaa kitatolewa?

Jibu: Kutolewa kinatolewa, lakini usimamaji wa asili haurudi, kwa sababu nyama za ndani zimeshaharibiwa kukipisha. Kwa hiyo usikimbilie kabla hujajaribu sindano ya kusimamisha uume, au kifaa kinachovalishwa uumeni na kunyonya hewa ili usimame. Tena hakirefushi uume wala hakiongezi hamu. Hisia na kufika kileleni hubaki kama ulivyokuwa navyo.

Ninachokiogopa zaidi kwako ni maambukizi, maana kipandikizi kikiingiwa na vijidudu kwa kawaida hutolewa. Tutapima kwanza wastani wa sukari yako ya miezi 3. Ikiwa juu, tunaishusha ndipo tupange upasuaji. Baada ya hapo, tendo la ndoa lisubiri kama wiki 6, na jembe nalo lipumzike mpaka daktari aliyekupasua akuruhusu.