Je, wajua kwa nini Mapinduzi ya Oktoba yaliadhimishwa Novemba?

Kwa miaka mingi niliamini, na niliwahi kuandika katika mtihani wa historia, kwamba Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi yalianza mwezi wa Oktoba mwaka 1917 na kukamilika Novemba, ndiyo maana Umoja wa Kisovieti ukawa unayaadhimisha kila tarehe 7 Novemba. Jibu hilo lina sura ya kweli, kwa kuwa mapinduzi mengi huchukua wiki au miezi, na msahihishaji alinipa alama zote. Hata hivyo, lilikuwa kosa tupu. Kuutwaa mji mkuu wa Petrograd hakukuchukua wiki mbili. Wabolsheviki, yaani chama cha Lenin, walianza kushika madaraja na ofisi za simu tarehe 24 Oktoba, na kabla ya jua la tarehe 26 kuchomoza kazi ilikuwa imekwisha. Waliokuwa Petrograd waliyaona yote hayo ndani ya Oktoba, ilhali mtu aliyekuwa Paris, London au Mombasa saa hizo hizo alikuwa tayari yumo ndani ya Novemba.

Siku yenyewe ya tarehe 25 inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu mkanganyiko wa tarehe umo ndani yake. Asubuhi, Alexander Kerensky, kiongozi wa Serikali ya Muda, aliondoka mjini kwa gari kwenda kutafuta askari wa kumwokoa. Usiku, yapata saa tatu na dakika arobaini, manowari iitwayo Aurora, iliyokuwa upande wa Wabolsheviki, ilipiga mzinga mmoja usio na kombora, ukatoa kishindo bila kubomoa kitu. Mawaziri waliobaki katika Kasri la Majira ya Baridi walikamatwa wakiwa katika chumba kidogo cha kulia chakula, saa nane na dakika kumi za usiku, na saa ya mezani iliyokuwamo chumbani iliachwa kwa miaka mingi ikiwa imesimama kwenye dakika hiyo. Kwa hesabu ya Warusi ilikuwa imeshaingia tarehe 26 Oktoba, na kwa hesabu ya sehemu kubwa ya dunia ilikuwa tarehe 8 Novemba. Kwa maneno mengine, hata ile tarehe 7 iliyowekewa gwaride haikuishuhudia serikali ikikamatwa, ingawa ilishuhudia karibu mambo mengine yote.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi, na bado nalisikia kwa watu waliosoma kunishinda: kwamba siku hiyo ndiyo aliyopinduliwa Tsar, yaani mfalme wa Urusi. Tsar Nicholas II alikuwa amekwisha kujiuzulu miezi saba na ushei kabla, na waliompindua hawakuwa Wabolsheviki kama chama. Waliowasha moto ule walikuwa wanawake wa viwanda vya nguo vya Petrograd, waliogoma na kuingia barabarani wakidai mkate, wakafuatwa na wafanyakazi wa viwanda vingine na hatimaye na askari waliotumwa kuwatawanya. Tukio hilo huitwa Mapinduzi ya Februari, kwa kuwa lilianza tarehe 23 Februari. Msomaji sasa anaweza kukisia kwamba halikuanza Februari kwa watu wengine. Lilianza tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, na Warusi waliokuwa wakiiadhimisha siku hiyo pamoja na wenzao wa nje walilazimika kuiadhimisha Februari. Basi mwaka 1917 una mapinduzi mawili, na yote mawili yamebeba jina la mwezi usiolingana na kalenda iliyoko ukutani kwetu. Lile la Oktoba liliiondoa Serikali ya Muda, iliyoongozwa kwanza na mwanamfalme Georgy Lvov, kisha na Kerensky.

Kwa nini tarehe zilitofautiana? Msemaji wa Kiswahili analielewa jambo hili upesi kuliko wengi, kwa kuwa amezoea kutazama mshale wa saa ukiwa kwenye kumi na kusema kwamba ni saa nne. Mshale haujadanganya na msemaji hajakosea. Ni dakika ile ile iliyopewa majina mawili na watu walioanza kuhesabu mahali tofauti. Tarehe 25 Oktoba ya Petrograd na tarehe 7 Novemba ya Paris zilikuwa siku moja, Jumatano ile ile. Lakini mfano huu unafika mahali unakwama: tofauti ya saa zetu na mshale ni sita siku zote, wakati tofauti ya kalenda hizi mbili imekuwa ikikua. Ilikuwa siku 10, ikawa 11, ikawa 12, na kufikia 1917 ilikuwa 13. Ili kuona inavyokua, tunahitaji mfano mwingine.

Fikiria mfanyabiashara wa mchele ambaye kibaba chake ni kikubwa kidogo kuliko kipimo halali. Kila anapopima, punje chache huzidi. Mnunuzi hazioni, na yeye mwenyewe hazioni, hadi siku anapofunga hesabu na kukuta gunia zima halipo wala hajui lilikokwenda. Kalenda iliyoanzishwa na Julius Caesar mwaka 45 kabla ya Kristo ilikuwa kibaba cha namna hiyo. Iliuhesabu mwaka kuwa siku 365 na saa 6 kamili, na kwa ajili ya hizo saa 6 ikaongeza siku moja kila mwaka wa nne, yaani mwaka mrefu. Mwaka wa jua, hata hivyo, ni siku 365, saa 5, dakika 48 na sekunde kadhaa. Kalenda ilikuwa ikiupa kila mwaka dakika 11 zisizo zake. Dakika 11 hazimkoseshi mtu usingizi, lakini vibaba 128 vya aina hiyo vinafanya siku nzima: jua linakuwa limeshamaliza mzunguko wake, huku kalenda ikiwa bado inajaza kibaba.

Waliogundua upungufu ghalani hawakuwa wakulima wala wanajeshi. Walikuwa watu wa Pasaka. Sikukuu hiyo hupangwa kwa kufuata siku ya mwezi Machi ambayo mchana na usiku hulingana, na kanisa, tangu zama za Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, liliichukulia siku hiyo kuwa tarehe 21. Kufikia karne ya 16 jua lilikuwa likiifikia hali hiyo tarehe 11 hivi. Papa Gregori XIII akaamuru siku 10 zifutwe: huko Italia, Hispania na Ureno, Alhamisi ya tarehe 4 Oktoba 1582 ilifuatwa na Ijumaa ya tarehe 15. Zilifutwa 10 badala ya 12 au 13 kwa sababu lengo lilikuwa kuirudisha kalenda mahali ilipokuwa wakati wa Nisea, si wakati wa Caesar.

Kisha kikatengenezwa kibaba kipya. Mwaka unaofunga karne hautakuwa mrefu isipokuwa unagawanyika kwa 400, hivyo kila miaka 400 huondolewa siku 3. Hapa ndipo tofauti inapokua. Mwaka 1600 ulikuwa mrefu kwa pande zote mbili, ukapita bila neno. Miaka ya 1700, 1800 na 1900 ilikuwa mirefu kwa kalenda ya zamani peke yake, na kila mmoja uliongeza siku moja juu ya zile 10. Ndizo 13 za Urusi.

Anayekaa mwambao wa Afrika Mashariki hapaswi kushangaa sana, kwa kuwa amezungukwa na kalenda zinazotembea. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka kwa kuwa inafuata mwezi, na hesabu ya kale ya Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, yenye siku 365 bila siku ya nyongeza, huliacha jua kwa siku moja kila miaka minne. Kalenda ya Julius ilitembea pia, ila kwa mwendo wa kinyonga.

Urusi haikufuata amri ya Papa kwa sababu iliyo wazi: ilikuwa nchi ya Kiorthodoksi, na Papa hakuwa na amri huko. Nchi za Kiprotestanti nazo zilichelewa. Uingereza iligeuza kalenda mwaka 1752 tu, Jumatano ya tarehe 2 Septemba ikafuatwa na Alhamisi ya tarehe 14. Husimuliwa sana kwamba Waingereza walifanya ghasia wakidai warudishiwe siku zao 11, lakini ushahidi wa ghasia hizo ni mwembamba, na sehemu kubwa ya hadithi hiyo inaelekea kutokana na bango linaloonekana katika mchoro wa dhihaka wa William Hogarth wa mwaka 1755. Sweden iliamua kubadilika polepole kwa kuziruka siku za nyongeza za miaka mirefu, ikaanza mwaka 1700, ikasahau 1704 na 1708, ikajikuta hailingani na nchi yoyote, na mwaka 1712 ikarudi ilikotoka kwa kuupa mwezi wa pili tarehe 30. Tarehe 30 Februari ilikuwapo kweli, mara hiyo moja, na ninakiri kwamba nimeipenda kuliko tarehe zote za makala haya.

Serikali ya Lenin ililimaliza jambo hilo kwa agizo la Januari 1918. Warusi walilala usiku wa tarehe 31 Januari wakaamka tarehe 14 Februari. Agizo halikusahau fedha: deni lililotakiwa kulipwa kati ya tarehe 1 na 13 Februari lilisogezwa siku 13 mbele, na hadi tarehe 1 Julai watu walitakiwa kuandika tarehe mpya pamoja na ya zamani kwenye mabano. Tangu hapo kumbukumbu ya mapinduzi ikawa 7 Novemba, kwa kuwa hiyo ndiyo siku yenyewe kwa hesabu mpya.

Jina, kwa upande wake, halikuguswa. Lilikuwa limeshaacha kuwa tarehe, likawa jina, kama Sabasaba, maonyesho ya biashara ya Dar es Salaam yenye jina la tarehe 7 Julai, ambako mtu huenda mwishoni mwa Juni akasema ameenda Sabasaba na asiulizwe swali.

Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi halikulifuata agizo lile. Linaendelea na kalenda ya Julius hadi leo, na Krismasi yake, tarehe 25 Desemba kwa hesabu yake, huangukia 7 Januari kwetu. Hiyo nayo si ya kudumu. Mwaka 2100 utakuwa mrefu kwa kalenda ya Julius na wa kawaida kwa yetu, tofauti itafika siku 14, na kama kanisa litakuwa bado linapima kwa kibaba kile kile, Krismasi ya Moscow itahamia tarehe 8.