Je, wajua kwa nini mtu hulia mgongo wake ukikandwa?

Wanawake wanaokanda watu huku kwetu Uyole, Mbeya, wanakijua hiki kitu, ila hawakizungumzii sana. Mtu anakuja analalamika mgongo. Analala kifudifudi kwenye mkeka, kanga inashushwa hadi kiunoni, kopo la mafuta ya mgando limesogezwa karibu na jiko la mkaa ili yalainike. Mikono inaanza kupanda kutoka kiunoni kwenda shingoni. Mwanzoni ni stori tu: bei ya viazi, mvua, ada za watoto. Halafu kidole gumba kinafika chini ya mfupa wa bega, kinatulia hapo, na stori inakatika. Mabega yanaanza kutikisika.

Nililiona hilo kwa jirani yetu, miezi michache baada ya kumzika mumewe. Msibani hakutoa chozi mbele ya watu. Alikuwa anahesabu sufuria na kuuliza kama wageni wa Tukuyu wameshakula. Alilia siku aliyokuja kutafuta nafuu ya mgongo. Aliyemkanda hakusimama wala hakuuliza kitu, alipunguza mwendo wa mikono tu, akasema, "Lia, mama, usijibane." Alipoinuka aliona aibu, akafuta uso kwa upindo wa kanga. Akasema hajui yametoka wapi.

Yalitoka wapi, basi?

Jibu linalopendwa siku hizi, hasa na wanaotangaza masaji mitandaoni, ni kwamba huzuni hujificha ndani ya misuli, na mkandaji akibonyeza panapohusika inatoka kama usaha kwenye jipu. Picha hiyo inavutia, lakini msuli hauna kumbukumbu ya msiba. Kumbukumbu iko kwenye ubongo. Kilichobaki kwenye msuli ni amri: kaza. Mwili ulioshtuka hujiandaa kupigana au kukimbia. Moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa fupi, taya, shingo na mabega vinakakamaa. Hatari ikipita, amri inafutwa. Lakini mfiwa tunamwambiaje? Tunamwambia "jikaze". Naye mwili wake unatii, neno kwa neno, wiki hadi wiki, mpaka anakwenda kununua dawa za kutuliza maumivu.

Sasa mkono unaingiaje hapo? Ngozi ina njia zaidi ya moja ya kupeleka habari. Nyuzi nene za neva, zilizovikwa ala ya mafuta, hukimbiza habari kwa makumi ya mita kwa sekunde. Ndizo zinazokuambia kwamba umeguswa, wapi, na kwa nguvu kiasi gani. Lakini zipo nyingine nyembamba, zisizo na ala, ambazo habari zake hutembea taratibu kama mzee anayepanda mlima Loleza, takriban mita moja kwa sekunde. Mtafiti Msweden, Yngve Zotterman, alizigundua kwa paka mwaka 1939. Kwa binadamu zilikuja kuthibitishwa kati ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990 tu, na kwa muda mrefu haikujulikana zina kazi gani.

Kilichosaidia kujua ni mgonjwa mmoja. Mwaka 2002 watafiti walieleza habari za mwanamke ambaye ugonjwa ulikuwa umemharibia zile nyuzi nene, ila nyembamba zikabaki. Ukimgusa kwa kawaida, hajui kama umemgusa. Lakini walipompapasa mkono polepole kwa brashi laini, alihisi kitu: hafifu, hakuweza kueleza vizuri kiko wapi, ila kilimpendeza. Na ubongo wake ulipopigwa picha, sehemu iliyowaka haikuwa ile ya kupima mguso ulipo. Ilikuwa insula, sehemu inayohusika na hali ya ndani ya mwili na hisia. Watafiti walihitimisha kwamba binadamu ana njia ya neva ambayo kazi yake hasa ni kupeleka habari ya kubembelezwa.

Njia hiyo ina masharti. Inaitika vizuri zaidi mkono ukienda kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde. Ukikokota kiganja kutoka kifundo cha mkono hadi kwenye kiwiko kwa sekunde saba au nane, umeupata mwendo wenyewe. Ni mwendo ambao mama yeyote anautumia kumpapasa mtoto mgongoni bila kufundishwa. Tena nyuzi hizi hupenda joto la ngozi ya mtu. Mguso wa baridi haziuitikii vizuri. Ukikandwa Makete kwenye baridi ya mwezi wa saba utaona mkandaji anasugua viganja kwanza, anavipulizia, ndipo anakugusa.

Kukanda kwenyewe ni zaidi ya kupapasa, bila shaka. Kule kubonyeza kwa nguvu kunapunguza maumivu kwa njia nyingine. Watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza mwaka 1965 kwamba habari za mguso zinaweza kuzibana habari za maumivu kwenye uti wa mgongo kabla hazijafika kichwani, kama watu wanaogombea mlango wa daladala. Ndiyo maana ukijigonga goti unalisugua.

Ila kinachonivutia zaidi ni jaribio la mwanasaikolojia James Coan wa Marekani, la mwaka 2006. Wanawake 16 walioolewa waliingizwa kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, wakaambiwa wakati wowote wanaweza kupigwa shoti ndogo kwenye kifundo cha mguu. Wakati mwingine walishikwa mkono na mume, wakati mwingine na mtu wasiyemjua, wakati mwingine hawakushikwa. Waliposhikwa na mume, sehemu za ubongo zinazopiga kengele ya hatari zilipoa zaidi, na kwa wenye ndoa nzuri zilipoa zaidi ya hapo. Mkono wa mgeni ulisaidia, lakini kidogo.

Sisi tunasema tunakwenda kutoa mkono wa pole. Na ukiingia chumba cha wafiwa wanawake, Mbeya au Iringa, utamkuta mjane chini kwenye godoro, na nyuma yake yupo dada au wifi aliyenyoosha miguu, mjane amemwegemea kifuani. Hakuna hotuba. Wakichoka wanapokezana. Halafu siku ya tatu watu wanatawanyika, na mgongo ule unabaki bila wa kuuegemea.

Kwa hiyo machozi ya jirani yetu mimi nayaelewa hivi: mkono wa polepole, wenye joto, wa mtu anayemwamini, uliupa mwili habari kwamba hatari imepita. Pumzi ikarefuka, amri ya kukaza ikalegea, na kilio kilichokuwa kimezuiliwa na amri hiyo kikapata njia.

Tusizidishe sifa, hata hivyo. Uchambuzi wa mwaka 2004 uliokusanya tafiti 37 ulionyesha kwamba kukandwa mara moja hupunguza wasiwasi wa wakati huo, na kukandwa mara kadhaa hupunguza hata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Lakini ile habari ya kushuka kwa kotisoli, homoni ya msongo wa mawazo, iliyojaa kwenye matangazo, ilipopimwa upya ilionekana ndogo sana. Na mtu ambaye hana usingizi, hali chakula, anaongelea kufa, apelekwe hospitali, akandwe akirudi.

Kuna watu pia ambao mkono wenyewe ndiyo hatari. Aliyepigwa au kubakwa anaweza kuganda ukimgusa tu begani, hata kwa nia njema. Mkandaji anayejua kazi huuliza kwanza, "Nikushike hapa?" na akiambiwa basi, anaacha. Tena hagusi mguu mmoja uliovimba wenye joto, maana huenda kuna damu iliyoganda.

Na mzazi aliyejifungua? Wakunga wa hospitali wanakataza maji ya moto yale ya kuchoma anayokandwa nayo nyumbani, na wako sahihi, hasa kwa aliyeshonwa. Lakini yakikatazwa maji, naona na mikono inaondoka nayo. Mama mchanga anabaki anapokea simu za hongera, na mtoto anapitishwa mikononi mwa wageni. Yeye hakuna anayemshika.

Jirani yetu alirudi Jumamosi iliyofuata. Alisema ni mgongo, bado unasumbua. Mwenye kazi yake hakubishana. Alisogeza kopo karibu na jiko, akatandika mkeka.