Pakiti ya sarafu mpya: mali au pesa iliyolala?

Shemeji yangu wa Tabata ana pakiti sita za sarafu za Marekani kabatini, kazifunga kwenye khanga. Aliletewa na kaka yake mwaka 2008 na agizo juu yake: usizifungue, zitakuja kuwa mali. Juzi akaniuliza zimefikia mali kiasi gani. Jibu halikumpendeza.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Kule Marekani sarafu hutolewa benki zikiwa zimepangwa ndani ya mrija wa karatasi, mfano wa pakiti ya biskuti za duara. Idadi yake inajulikana: za senti moja ni 50, za senti tano 40, za senti kumi 50, na robo dola 40. Za shemeji ni robo dola, kwa hiyo kila pakiti ina dola 10 kamili.

Wakusanyaji wakisema sarafu "haijatumika", wana maana haijaingia kwenye mzunguko: haijashikwa na konda, haijalala kwenye droo ya duka, haijafuliwa pamoja na suruali. Hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani isiyotumika ni lazima iwe haina doa. Sarafu zikitoka mashineni hurundikwa pamoja na kugongana, hivyo hata ile ambayo haijaguswa na mkono wa mtu huwa na mikwaruzo. Kipimo cha ubora kinakwenda alama 1 hadi 70, na zisizotumika zinaanzia 60. Kwa sarafu za siku hizi, bei ya kushtua mara nyingi huanza 67 kwenda juu. Pakiti nzima inaweza isiwe na hata moja ya hivyo.

Sasa, thamani inatoka wapi? Haitoki kwenye upya. Inatoka kwenye uchache wa zilizobaki zikiwa nzuri, ukilinganisha na watu wanaozitaka. Robo dola za shemeji ni za ule mfululizo wa majimbo 50 (kila jimbo na sarafu yake), uliotolewa kati ya 1999 na 2008, majimbo matano kila mwaka. Marekani nzima ilijua ni za kuweka, ikaweka. Walioweka wamejaa, wanunuzi wachache. Dola 10 ya mwaka 1999 ilihitaji karibu dola 19 mwaka 2024 kununua vitu vilevile, kwa hiyo pakiti inayouzwa kwa dola 15 imekula hasara huku mwenyewe akidhani kapata faida.

Haya si mageni. Mwaka 1950 kiwanda cha sarafu cha Denver, kulekule Marekani, kilitoa senti tano 2,630,030 tu, idadi ndogo kwa kule. Watu wakazigombania. Kufikia 1964 pakiti yake, yenye dola 2 ndani, ilikuwa inauzwa kwa takriban dola 1,200. Halafu bei ikaanguka. Kilichofanya waifiche ndicho kilichoiharibia soko: hadi leo zipo nyingi zikiwa mpya, na kuipata iliyochakaa ndiyo kazi. Kinyume chake ni robo dola za 1982 na 1983. Miaka hiyo serikali haikuuza seti zake za kawaida za wakusanyaji, watu hawakujali, zikatumika zikaisha ubora. Aliyejikuta na pakiti ya miaka hiyo leo anacheka, na huenda aliisahau tu.

Rudi nyumbani. Sarafu yetu ya shilingi 500, yenye sura ya Karume upande mmoja na nyati upande wa pili, ilitoka 2014. Wakati ule nauli ya daladala Dar kwa safari fupi ilikuwa 400; ukimpa konda sarafu hiyo alikuambia usubiri chenji ya mia. Desemba 2023 nauli hiyo ikawa 600. Aliyeificha kwenye chupa tangu siku ya kwanza, leo akitaka kupanda basi inabidi aongeze mia. Na haikukaa salama huko chupani: ni chuma kilichopakwa nikeli, na hewa yetu ya chumvi na unyevu ikipata upenyo kwenye mkwaruzo, kutu inaanza. Kuifunga kwa selotepu ndiyo mbaya zaidi, gundi inaacha alama isiyotoka.

Zipo sarafu ambazo huwa mali kweli. Zenye fedha ndani, kwa mfano robo dola za Marekani za kabla ya 1965, maana madini yenyewe yana bei. Zenye kasoro ya kiwandani pia, kama baadhi ya robo dola za Wisconsin za 2004 zilizotoka na jani la ziada kwenye picha ya mahindi. (Shemeji alikimbilia kabati nilipotaja hiyo.) Ila zile habari za kwenye simu kwamba kuna mzungu ananunua rupia ya Mjerumani kwa mamilioni, ukiambiwa utoe kwanza hela ya "uchunguzi", kaa mbali. Na usinunue pakiti kwa kuangalia ncha tu: wajanja huweka mpya mwanzo na mwisho, katikati wakajaza kuukuu.

Tatizo lingine la shemeji ni kwamba maduka ya kubadilisha fedha hapa mjini huchukua noti, sarafu za kigeni hayazitaki. Dola zake 60 hazina pa kwenda. Nilimshauri afungue pakiti, atoe moja moja za majimbo anayoyapenda aweke kwenye albamu, zilizobaki ampe mtu anayesafiri kwenda Marekani akanunulie kahawa uwanja wa ndege.

Amesema atamuuliza kaka yake kwanza.